MOMBASA KWA MSHAHARA WETU



Nataka kusema juu ya jambo ambalo baadhi ya wenzetu wataona halistahili kuandikwa katika karatasi ya chama, maana si habari ya mshahara, wala ya kufukuzwa kazi, wala ya ajali kazini. Ni matembezi. Nataka kusema juu ya mfanyakazi wa huku Kiamunyi, au wa Nakuru mjini, au wa mashamba ya Rongai na Njoro, kwenda Mombasa pamoja na jamaa yake, akae huko siku nne au tano, aone bahari, kisha arudi kwake bila deni.

Wengi wetu twaamini kwamba haiwezekani. Twasema Mombasa ni ya Wazungu na ya matajiri wa Nairobi, na sisi picha yake yatutosha, ile iliyo katika kalenda ya ukutani. Mimi nasema kilicho ghali hasa ni Desemba, na kilicho ghali kuliko Desemba ni kwenda kila mtu peke yake. Mambo hayo mawili yaweza kuondolewa na watu waliozoea kupatana, na sisi wanachama twajidai kwamba tumezoea.

Kwanza tuanze na livu yenyewe, au likizo kama wasemavyo waandishi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 28, yasema kwamba mfanyakazi akiisha kutimiza miezi 12 mfululizo kazini, apewe likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mshahara kamili. Tena likizo hiyo ikigawanywa vipande kwa mapatano, kipande kimoja yapasa kiwe majuma mawili ya kazi yasiyokatizwa, isipokuwa mapatano yenyewe yaseme vingine. Soma maneno hayo vizuri. Sheria yataja siku. Lakini ukipita katika nyumba zetu na kuuliza nani alikwenda livu mwaka jana, utasikia huyu aliuza siku zake kwa bosi, yule aliombwa asubiri mpaka kazi ipungue, na mwingine hajui hata kidogo amebakiza siku ngapi. Namjua mwenzetu mmoja, mtu wa mashine, aliyekaa miaka sita bila kwenda livu hata siku moja. Alipoanza kuumwa mgongo ndipo wakubwa wake wakakumbuka kwamba ana siku nyingi za kupumzika, akazitumia zote kwa kupanga foleni ya daktari.

Kuna desturi nyingine pia. Zamani za ukoloni livu ya Mwafrika ilihesabiwa kuwa ni nafasi ya kurudi rizavu, apande, avune, arekebishe paa, kisha arudi kazini amechoka kuliko alivyoondoka. Ukoloni ulikwisha, lakini desturi ile tumeishika sisi wenyewe. Mtu akipata majuma mawili huyapeleka yote shambani kwa wazazi. Sisemi asiende kwa wazazi. Nasema siku zi 21, na wazazi wenyewe hawahitaji zote.

Sasa nawajibu wale wa simiti. Hapa Kiamunyi kila mtu ana ploti, au ana ndoto ya ploti, na ukitaja Mombasa mbele ya jirani atakuambia papo hapo kwamba fedha hizo zatosha mifuko kadha wa kadha ya simiti na lori moja la mchanga. Ni kweli zatosha. Lakini nimewaona watu waliojenga miaka 15 na nyumba haijakwisha, nao watoto wamekwisha kuwa wakubwa na kuondoka. Mtoto wa miaka 9 atakuwa na miaka 9 mwaka mmoja tu. Nyumba yaweza kungoja miezi mitatu kupigwa lipu.

Haya, tuje kwenye hesabu, maana maneno matupu hayanunui tikiti.

Gari moshi la Madaraka lilianza kuchukua abiria baina ya Nairobi na Mombasa tarehe 1 Juni 2017. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa Sh. 1,000/- kwa miaka mingi, ikapandishwa kuwa Sh. 1,500/- mwezi wa Januari 2024. Mtoto wa miaka 3 mpaka 11 hulipa nusu. Basi baba, mama na watoto wawili wa umri huo, kwenda na kurudi, ni Sh. 9,000/-. Sasa weka hesabu hiyo kando ya mshahara. Kima cha chini kilichotangazwa mwezi wa Novemba 2024 kwa kibarua wa miji mikubwa kilikuwa Sh. 16,113 na senti 75 kwa mwezi. Kwa hiyo gari moshi peke yake lala zaidi ya nusu ya mshahara wa mwezi wa mtu wa chini, na hapo hata Nakuru hajatoka. Reli hiyo mpya, ilipopelekwa mbele mwaka 2019, iliishia upande wa Suswa na Naivasha, nasi huku tukaachwa tukiitazama ile ya zamani, iliyopita Nakuru zaidi ya miaka 120 iliyopita ikielekea Kisumu. Yatubidi tupande matatu mpaka Nairobi, karibu kilomita 160, kisha tuvuke mji mpaka Syokimau.

Makisio yangu, nayo ni ya mtu asiyependa kutupa fedha, ni haya kwa jamaa ya watu wanne kwa siku tano. Gari moshi Sh. 9,000/-. Matatu za Nakuru, Nairobi na Syokimau, kwenda na kurudi, Sh. 5,000/-. Chumba cha kawaida kwa usiku nne Sh. 6,000/-. Chakula Sh. 7,500/-. Matembezi ya mjini na vitu vidogo vidogo Sh. 2,500/-. Jumla ni Sh. 30,000/-. Bei hubadilika, na kila mtu aulize mwenyewe kabla ya kuondoka. Lakini msomaji aone kwamba hii ni karibu mishahara miwili ya kima cha chini. Simwambii mtu wa mshahara huo kwamba ni jambo jepesi, ningekuwa namdhihaki.

Sasa chukua jamaa tatu badala ya moja. Wapange nyumba moja yenye vyumba vitatu na jiko, huko Mtwapa, au Kisauni, au ng'ambo ya Likoni, mbali kidogo na ufuko. Wachukue sufuria zao kutoka nyumbani, wanunue samaki, mchele na nazi sokoni, wapike. Kwa makisio yangu gharama ya kulala yashuka kutoka Sh. 6,000/- mpaka kama Sh. 3,500/- kwa kila jamaa, na ya chakula kutoka Sh. 7,500/- mpaka kama Sh. 4,000/-. Jumla yawa Sh. 24,000/-. Fedha hizo zikigawanywa kwa miezi 24 ni Sh. 1,000/- kwa mwezi, yaani hazifiki Sh. 35/- kwa siku. Ndiyo, ni safari moja katika miaka miwili. Lakini ni safari iliyolipiwa kabla ya kuanza. Kwa kawaida tunakwenda kwa mkopo wa simu halafu tunaulipa mpaka Pasaka.

Mambo haya si mageni duniani. Wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire, Uingereza, walikuwa na vikundi vyao vya akiba kwa kazi hii hii. Kila juma mtu aliweka kidogo kutoka katika ujira wake, na majira ya joto kiwanda kilipofungwa kwa juma la sikukuu ya mji, mji mzima ulipanda treni kwenda Blackpool kuota jua, kama jua lilikuwapo. Walifanya hivyo kabla ya sheria ya kwao ya likizo yenye malipo, iliyokuja mwaka 1938. Ndiyo kusema juma lile hawakulipwa, nao walikwenda kwa akiba tupu. Huko Ufaransa wafanyakazi walipata likizo ya majuma mawili yenye malipo mwaka 1936, baada ya migomo mikubwa ya mwezi wa Mei na Juni, na mwezi wa Agosti mwaka ule ule ikatolewa tikiti maalum ya reli ya likizo iliyopunguzwa asilimia 40. Watu ambao walikuwa hawajapata kuona bahari maisha yao yote waliiona mwaka ule.

Hapa kwetu twasema kwamba twajua sana mambo ya vyama vya akiba. Akina mama wa Kiamunyi wana vyama vya vyombo, vya mbuzi, vya bati, vya karo. Hakuna cha bahari. Na katika mikataba mingi ya pamoja nchini, mwajiri hutoa posho ya nauli ya livu, ambayo watu wengi huipokea bila kujua jina lake, huiona tu katika hati ya mshahara kama fedha iliyodondoka. Fedha hiyo ndiyo ya safari. Mahali ambapo posho hiyo haipo, wajumbe wetu waiweke mezani siku ya mapatano, na mahali ilipo lakini haijaongezwa tangu nauli ya gari moshi ilipokuwa Sh. 1,000/-, waseme hivyo hivyo, kwa tarakimu.

Tena kumbukeni kwamba serikali yenyewe ilikwisha kulikubali jambo hili. Mwezi wa Mei 2014, watalii walipokatazwa na serikali zao kuja pwani kwa sababu ya hofu ya mashambulio, na mahoteli yakaanza kufungwa, serikali ya Kenya ilitangaza kwamba kampuni itakayowalipia wafanyakazi wake safari ya livu ndani ya nchi itaruhusiwa kuondoa gharama hiyo katika hesabu ya kodi. Ilikuwa ni kwa muda tu. Nasi nauliza: kama mfanyakazi wa bara alifaa kuitwa wakati hoteli zina njaa, mbona asahauliwe zikishiba?

Jambo hili lanileta kwa wenzetu wa mahoteli. Mahoteli ya pwani hujaa Krismasi, Pasaka na Agosti. Mwezi wa Mei na Juni mvua hunyesha, wageni hupungua, na hapo wafanyakazi wa mikataba mifupi huambiwa waende nyumbani wangoje kuitwa. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, wengi walikwenda nyumbani hivyo hivyo, na si wote walioitwa tena. Kwa hiyo mtu wa Nakuru akienda Mombasa mwezi ambao si wa sikukuu, anapata chumba kwa bei nafuu, na wakati huo huo anampa kazi mtu ambaye angekaa bure. Akienda Desemba, anagombania kitanda na tajiri, na kushindwa ni lazima.

Najua mtasema: watoto wako shuleni mwezi wa Mei. Ni kweli. Wenye watoto wa shule watazame likizo ya shule ya Aprili, wakiepuka siku zenyewe za Pasaka. Mvua yaweza kunyesha. Basi mtoto aliyezoea baridi ya Menengai hatakufa kwa mvua ya Mombasa, nayo ni mvua ya joto. Wasio na watoto wa shule wachukue Mei au Juni. Na kila mtu amwandikie mwajiri wake mapema, kwa karatasi, abaki na nakala yake, maana livu iliyoombwa kwa mdomo husahauliwa kwa mdomo.

Sasa tuseme umefika. Gari moshi litakushusha Miritini, nje ya mji. Usikubali kuchukuliwa na mtu wa kwanza akupokonyaye mzigo. Tembea mpaka zilipo matatu. Ukipanga nyumba ng'ambo ya Likoni, jua kwamba mtu wa miguu huvuka kwa feri bila kulipa hata senti. Kwa mtoto wa bara feri ile ni safari ya bahari iliyokamilika: meli, mawimbi, upepo, na bandari ya Kilindini upande mmoja. Mshikeni watoto mikono, msikae ukingoni, na mngoje watu washuke kwanza. Vivuko vya huko vina makaburi yake: tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa, wengi wao wakiwa wanakwenda kazini asubuhi.

Chakula cha Mombasa kilicho kizuri ndicho kilicho rahisi. Hili ni jambo ambalo watalii hawalijui, na sisi hatuna sababu ya kutolijua. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi. Mchana wali kwa samaki katika hoteli ndogo za Mji wa Kale au Majengo, hoteli zenye mabenchi na birika la maji ya kunawa. Jioni, kando ya bahari barabara ya Mama Ngina, muhogo wa kukaanga wenye chumvi, ndimu na pilipili, viazi karai, na dafu. Kahawa chungu kwa kikombe kidogo, pamoja na kashata. Ukiingia hoteli ya kioo na kuagiza chipsi na soda, utalipa zaidi na utakula kile kile ulacho Nakuru stendi.

Tena, ndugu zangu wa bara, tusemeni kwa adabu. Sisi tumezoea kusema, "Leta chai!" na kwetu si tusi. Mtu wa pwani husema, "Naomba chai," na kabla ya hapo amekwisha kukuamkia na kuuliza hali yako. Mzee umwambie shikamoo. Katika Mji wa Kale watu wanaishi, si duka la picha. Mwanamke asipigwe picha bila ruhusa, na kaptura ya kuogelea ibaki ufukoni. Nimeona mtu akipunguziwa bei kwa salamu nzuri tu, na mwingine, nyuma yake, akitajiwa bei ya mgeni kwa sababu ya mdomo wake.

Bahari yenyewe hailipiwi. Hapa nataka kila mwanachama akariri jambo moja. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 62, yahesabu ardhi yote iliyo baina ya maji yanapojaa na yanapokupwa kuwa ni ardhi ya umma. Mchanga ule ambao asubuhi umefunikwa na jioni umekauka ni wako kama ulivyo wa Rais. Nasema hivi kwa kuwa safari moja nilikuwa natembea na wanangu upande wa kaskazini, mbele ya hoteli moja kubwa, askari wa lango akatupigia mluzi turudi tulikotoka, kwamba tunawasumbua wageni. Nilimwamkia, nikamwambia kwa upole kwamba sisi tuko upande wa maji. Aliangalia miguu yetu, kweli ilikuwa imelowa, akacheka, akatuacha. Askari yule ni mfanyakazi kama mimi, aliambiwa apige mluzi akapiga. Shida kubwa ni vichochoro vya kufikia ufuko, maana katika mahali pengi majengo yameziba njia, na mtu apaswa kuzunguka mbali. Kwa hiyo wenye watoto waende ufuko wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi, ambako njia iko wazi, au Likoni upande wa Shelly. Waulizeni wavuvi kama maji yanajaa au yanakupwa kabla ya kuingia, na mtoto asiyejua kuogelea asipite kiunoni.

Pia nendeni Ngome ya Yesu. Raia hatozwi kiingilio cha mgeni; hutozwa kidogo. Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596, Waarabu wa Omani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa muda wa karibu miaka mitatu, na Waingereza wakaigeuza kuwa jela, ikawa jela mpaka mwaka 1958. Kila mtawala aliyefika aliona kwanza ukuta mnene. Watoto wangu walipenda zaidi mizinga.

Lakini kwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi mahali pakubwa kuliko ngome ni Kilindini. Simama tu uitazame bandari, maana hawatakuruhusu kuingia. Mombasa ilikuwa ghali kwa mfanyakazi kabla haijawa ghali kwa mtalii. Mwaka 1939 vibarua waligoma kwa sababu ya kodi za nyumba. Tarehe 13 Januari 1947 waligoma mji mzima: watu wa bandari, wa reli, wa mahoteli, hata watumishi wa nyumbani, maelfu kwa maelfu, kwa kuwa vita vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu na ujira ulibaki nyuma. Huko ndiko kilikozaliwa chama cha African Workers' Federation, na kiongozi wake akawa Chege Kibachia. Mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilimkamata ikampeleka kizuizini Kabarnet, huku Baringo, si mbali nasi, akakaa miaka kama kumi. Sisi twatoka huku kwenda Mombasa kupumzika. Yeye aliletwa huku kutoka kwa watu wa Mombasa ili sauti yake isisikike. Mtoto aambiwe habari hiyo akiwa anazitazama kreni.

Sasa nafika penye jambo ambalo najua halitawapendeza wote. Sisi twajua kukwepa gharama, na katika kukwepa twaweza kumwumiza mwenzetu. Nimewasikia watu wakijisifu kwamba walibishana na mama wa mahamri mpaka akawapa matano kwa bei ya matatu, au kwamba walimpata kijana wa tuktuk saa ya mvua wakamlipa nusu. Huyo mama ameamka saa kumi usiku. Kijana yule tuktuk si yake, jioni apeleka hesabu kwa mwenyewe. Fedha ndogo waliyookoa haikutoka kwa tajiri ye yote. Vivyo hivyo ukipewa chumba kwa bei ya ajabu, jiulize anayefua mashuka alipwa nini. Punguza siku zako, punguza soda, tembea kwa miguu, lala watatu kitandani, lakini usipunguze ujira wa mtu. Na anayekusafishia chumba umwachie kitu siku ya kuondoka, hata kama ni kidogo, umpe mkononi.

Na huko nyumbani pia kuna mfanyakazi ambaye hatumhesabu. Nilisema jamaa tatu zipange nyumba yenye jiko. Jiko hilo nani atalisimamia? Kama mama atatoka Kiamunyi, apande matatu, apande gari moshi, afike Mombasa, aamke saa kumi na moja kuwasha moto na kuosha sufuria za jamaa tatu, basi huyo hakwenda livu, amehamishwa kituo cha kazi. Wengi wao wameajiriwa pia, katika maua, katika shule, katika hospitali, na siku zao 21 ni zao kama zetu. Kwa hiyo zamu. Jamaa hii leo, ile kesho, na siku moja wanaume watupu wapike, hata kama wali utashika chini. Naomba jambo hili liandikwe katika kanuni za safari, lisiachwe kwa hiari, maana hiari ya wanaume jikoni twaijua.

Kwa hayo yote natoa mashauri haya kwa tawi letu. Tufungue mfuko wa safari, kando kabisa na fedha za chama, wenye daftari lake na watu watatu wa kutia sahihi, mmoja wao awe mwanamke. Mchango uwe Sh. 1,000/- kwa mwezi kwa jamaa, na asiye na jamaa atoe nusu. Atakayeacha kazi au kupata msiba arudishiwe fedha zake zote bila kuhojiwa. Mfuko usikopeshe mtu, hata mwenyekiti. Katibu aandike barua kwa wenzetu wa chama cha wafanyakazi wa mahoteli, KUDHEIHA, huko Mombasa, awaulize wao watupangie wapi na wakati gani, kwa kuwa wanajua nyumba ipi inawalipa watu wake na ipi haiwalipi. Na kila mwanachama aende ofisini kwake juma hili aulize, kwa maandishi, amebakiza siku ngapi za livu.

Mwenye kuona kwamba hesabu yangu imezidi au imepungua, alete yake mkutanoni, iwe imeandikwa, kitu kwa kitu, na bei ya chumba awe ameiuliza mwenyewe kwa simu.

Mwanachama,
Kiamunyi